Behewa la Thelathini na Nne

Kila asubuhi, kabla kope hazijaachana vizuri, mkewe humpa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, humfunga kifungo cha juu cha shati, kisha humwambia maneno yale yale:

"Hesabu vizuri, baba."

Hamwambii kazi njema, wala hamwambii uende salama. Yeye peke yake, katika dunia nzima yenye watu na midomo yao, ndiye aliyeijua siri ya mumewe: kwamba mwanamume yule mwenye kifua kama mlango wa ghala, anayeshona midomo ya magunia ya unga kwa shazia kutwa nzima bila kuketi, anaogopa daraja. Wala hakuwa na woga wa mchezo.

Na daraja lenyewe halikuwa la watu, lilikuwa la treni. Reli moja tu, imetupwa juu ya bonde, na chini kabisa mto unapita kati ya mawe meusi. Halikuwa na sakafu. Kulikuwa na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, taruma na taruma, na katikati yake uwazi wa kumeza mguu mzima. Ukitazama pale unapokanyaga, unauona mto unakutazama. Vyuma vya kushikia pembeni havikuwepo.

Daraja la magari lilikuwepo, sikatai. Lakini kulizungukia kwa miguu ni mwendo wa saa mbili na ushee, na basi la kwanza halikupita mpaka jua limepanda. Geti la kiwanda cha unga lilifungwa saa moja kamili. Saa moja na dakika moja, wewe ni mtu wa barabarani kama mbuzi yeyote.

Basi watu wakavuka juu ya reli, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Fundi Bomba, mzee wa kuunga mabomba ya maji, alikuwa wa kutangulia kwa sababu alianza kuvuka daraja hilo miaka mingi kabla ya wote. Dawa yake ilikuwa kiganja: aliinama, akakiweka kwenye chuma, akatulia kama daktari anayepima homa, kisha akasema, "Kimelala. Twendeni." Kinyozi, aliyekuwa na kibanda chake ng'ambo karibu na soko, dawa yake ilikuwa mdomo: alitania tangu taruma la kwanza mpaka la mwisho, maana ulimi ukikimbia moyo husahau. Mama Mashuka, mfuaji wa mashuka ya hospitali, alikuwa akikaza macho kwenye kisogo cha Kinyozi, asitazame kulia wala kushoto.

Na mshona magunia wetu alihesabu.

Mataruma yalikuwa mia na themanini na sita. Alihesabu kwa midomo tu, sauti haitoki. Na kwa kuwa mwoga huona mengi kuliko shujaa, alijua kitu ambacho wenzake walikipita bila kukigeuzia shingo: kwenye taruma la sitini, upande wa kushoto, palikuwa na kibaraza kidogo cha mbao kimening'inia nje ya daraja, kipana kama kitanda cha mtu mmoja, kimezungushiwa chuma. Kilijengwa ili mafundi wa reli wajibanze humo treni inapopita. Cha pili kilikuwa kwenye taruma la mia na ishirini na nne, kushoto vilevile, na ubao wake mmoja ulikuwa umekwisha kung'oka. Wengine hawakuvitazama vibaraza hivyo. Kuvitazama ni kukubali kwamba treni inaweza kukukuta.

Siku ya kwanza Kinyozi alipoona midomo ya lile pande la mtu inacheza, alipiga kelele: "Jamani, leo tuko salama! Huyu bwana anatuombea!" Jina likaganda kama gundi. Akawa Mwombezi. Asubuhi ni, "Mwombezi, umeshatutaja huko juu?" Jioni ni, "Mwombezi, na ya kurudia usisahau."

Mama Mashuka aliyasikia hayo, moyo wake ukajaa. Alikuwa na binti mmoja, na mwaka haukuisha akamwoza kwa Mwombezi. "Nimempa mtu wa sala," aliwaambia wafuaji wenzake huku akikamua shuka. "Wengine huoa kwa maneno matamu. Wangu hata juu ya reli hamsahau Mola wake."

Mwombezi alinyamaza. Uongo hakuusema yeye. Aliuacha tu utembee, na uongo ukiachwa utembee hupata miguu. Atamwambia nini mamamkwe sasa? Kwamba zile sala zilikuwa sabini na moja, sabini na mbili, sabini na tatu?

Tena kwa heshima ya ukwe, alikuwa akivuka nyuma kabisa, mataruma kumi nyuma ya mama. Haikumfaa mwanamume kumpumulia mamamkwe wake kisogoni.

Kanuni yao ilikuwa moja na ilikuwa nyepesi. Treni ya mizigo ilitoka mjini, ng'ambo, ikavuka kuja upande wao saa kumi na mbili na robo. Wao waliisubiri chini ya tuta. Ikishapita, daraja ni lao mpaka saa mbili. Kwa miaka yote hiyo treni haikuwahi kuwasaliti, na saa hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa Kinyozi, nayo ilikuwa inasimama ikijisikia. Treni ndiyo iliyokuwa saa yao.

Mwombezi aliihesabu nayo. Akili iliyozoea kuhesabu haichagui. Mabehewa thelathini na nne, kila siku ya Mungu, ya makaa na ya saruji. Hayakuwahi kuzidi wala kupungua.

*

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kama moshi wa kuni mbichi. Manyunyu yalikuwa yameanguka siku tatu mfululizo, na kila chuma kilikuwa kinatoa jasho. Walisimama chini ya tuta wanne, wamejikunyata, na ng'ambo ilikuwa imefutika kabisa.

"Mama, shikamoo," alisema Mwombezi, amesimama mbali kidogo kama kawaida.

"Marahaba, mkwe wangu. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Leo utuombee kwa nguvu. Siupendi huu ukungu."

"Mimi naupenda," alidakia Kinyozi. "Leo mto hatuuoni. Ukianguka huoni unaangukia wapi, hakuna hata haja ya kuogopa."

"We Kinyozi, mdomo wako huo utakuponza," alisema Fundi Bomba.

Treni ikaja. Hawakuiona, ilikuwa mngurumo kwanza, kisha giza jeusi likikimbia ndani ya weupe, juu ya vichwa vyao. Mwombezi midomo ikaanza yenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kumi na moja, pakawa kimya.

Alingoja la kumi na mbili. Halikuja.

"Leo imepita mbio kama mtu mwenye tumbo la kuhara," alisema Kinyozi, na Mama Mashuka akacheka akijizuia.

Mwombezi alifungua mdomo. Kumi na moja, alitaka kusema. Jamani, leo ni kumi na moja. Na papo hapo akaliona swali lao linakuja: umejuaje? Ulikuwa unahesabu? Kwani siku zote huwa unahesabu? Akamwona mamamkwe anageuza uso, akakisikia kicheko cha Kinyozi kikivuka naye mpaka ng'ambo na kurudi naye jioni, mwaka huu na ujao. Tena, kungoja ni kuchelewa. Mwezi huo alikuwa amechelewa mara mbili, na nyapara alikuwa amekwisha mwonyesha kidole. Labda leo wamefunga machache. Labda makaa yamepungua. Mtu anayetaka kunyamaza hakosi labda.

Akaufunga mdomo. Ulimi ukarudi kulala.

Fundi Bomba akapanda tuta, akainama, akaweka kiganja. "Bado kinatetemeka kidogo," alisema. "Ni hii iliyopita, haijafika mbali. Twendeni."

Wakaingia darajani.

Moja, mbili, tatu. Mwombezi alimwona Mama Mashuka kama kivuli tu, kifurushi cha chakula kichwani. Kinyozi hakumwona, alimsikia tu. Fundi Bomba hata kumsikia hakumsikia. Mataruma yalikuwa yanateleza kama samaki. Mto haukuonekana, lakini ulinguruma, na kwake hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kitu usichokiona hukijui kilipo. Kwenye la sitini alinyoosha mkono wa kushoto akagusa chuma cha kibaraza, kama alivyofanya kila siku. Kilikuwepo. Akaendelea.

Sitini na moja. Sitini na mbili.

Lakini safari hii hesabu mbili zilikuwa zinatembea kichwani mwake kwa pamoja, na moja ilikuwa inaikanyaga nyingine. Thelathini na nne, toa kumi na moja. Themanini na tano. Thelathini na nne, toa kumi na moja. Themanini na sita. Inabaki ishirini na tatu. Tisini. Yako wapi hayo ishirini na tatu? Reli imelowa siku tatu, kichwa cha treni kinateleza, mlima wa kutoka mjini ni mkali. Tisini na nne. Mtu mwenye mzigo asioweza kuubeba kwa mara moja hufanyaje? Hata yeye kiwandani, rundo likimshinda, hufanyaje?

Hulikata. Huleta nusu, kisha mwenzake huleta nusu iliyobaki.

Tisini na saba.

Alisimama. Chini ya nyayo zake taruma lilikuwa linatetemeka, na mtetemeko huo haukuwa unakwenda. Ulikuwa unakuja.

Honi ikalia mbele yao.

*

Kuna sauti ambazo mtu hazisikii kwa masikio. Hiyo aliisikia kwa meno. Mbele, ndani ya ukungu, Fundi Bomba alipiga ukelele mmoja, "Treni!" na baada yake yakafuata mambo mawili kwa mara moja: Kinyozi akageuka, na Mama Mashuka akageuka. Nani asingegeuka? Kifo kikiwa mbele, miguu hurudi nyuma bila kuuliza kichwa.

Kinyozi alikuja mbio, macho meupe, mkoba wake wa kazi ukimgonga ubavuni. Alimpita Mama Mashuka kwa bega, akamfikia Mwombezi, akamsukuma. Mwombezi alimdaka shati. Shati likachanika, Kinyozi akapita.

"Kinyozi! Thelathini na saba!" alipiga kelele kwa sauti ambayo hakuijua kama anayo. "Mataruma thelathini na saba! Ukirudi ni kulia! Kuna kibaraza! Hesabu, Kinyozi, hesabu!"

Ukungu ukammeza.

Mama Mashuka naye alikuwa amemfikia, mikono mbele, kifurushi kimeshaanguka mtoni. Na hapo mshona magunia, ambaye tangu aoe hakuwahi hata kumpa mama huyu mkono bila kuinamisha kichwa, alimkamata mabega yote mawili, akamgeuza kama gunia, akamwelekeza kule kule honi inakolia.

"Mbele, mama!"

"Treni iko mbele!"

"Na kibaraza kiko mbele! Ishirini na saba! Nyuma hatufiki, mama, nyuma hatufiki!"

Alimsukuma. Sikilizeni, mwoga yule, aliyekuwa akiogopa hata daraja likiwa tupu, alikimbia kuifuata treni, mamamkwe wake mbele yake, akihesabu kwa kelele kila taruma kama mtu anayepigwa. Tisini na nane! Tisini na tisa! Mia! Mama aliteleza, goti likagonga chuma; akamwinua bila kusimama. Mia na kumi! Mtetemeko ulikuwa umepanda mpaka kifuani. Kwenye mia na kumi na sita walimkuta Fundi Bomba, ameinama palepale, kiganja kwenye reli, hatikisiki, kama mtu anayembembeleza mnyama asimrukie.

"Mzee, nane tu! Nane!"

Hakusikia. Mwombezi akampiga kofi. Mzee wa watu, mwenye mvi, alipigwa kofi la shavu na kijana aliyemheshimu kama baba. Akaamka. Wakaenda watatu, wameshikana nguo, na mbele yao ukungu ukaanza kuwa wa manjano, taa ya treni hiyo.

Mia na ishirini na mbili. Mia na ishirini na tatu.

"Kushoto!"

Hakukiona kibaraza. Sema ukweli wako hata kama ni mchungu: hakukiona. Aliiona nafasi nyeupe tupu, ukungu mtupu, na chini yake mto. Alikuwa na namba tu. Akaikanyaga namba.

Mbao zikamgonga nyayo.

Alimvuta mama, wakamvuta mzee, wakajibana kwenye kile chuma. Kibaraza cha mtu mmoja na nyundo yake kikabeba watu watatu. Mguu mmoja wa Fundi Bomba ulining'inia kwenye tundu la ubao uliong'oka. Hapakuwa na heshima ya ukwe wala mataruma kumi. Mama Mashuka alimkumbatia mkwewe shingo, uso umezama kwenye kifua chake, na yeye alimfunga kwa mikono yote miwili, akashika chuma nyuma ya mgongo wake.

Kisha treni ikafika.

Upepo ulitaka kuwavua ngozi. Kulikuwa na joto, harufu ya chuma kilichoungua, na matone ya mafuta usoni. Upana wa shubiri moja tu ndio uliokuwa kati ya mgongo wa Fundi Bomba na yale magurudumu. Kibaraza kiliyumba kama jino bovu. Mwombezi alifumba macho, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika duniani, alihesabu, kwa sauti, sikioni mwa mamamkwe wake. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu akilia. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja.

Ishirini na tatu.

Kimya.

*

"Kinyozi!" aliita Fundi Bomba.

Mto ulijibu. Hakujibu mwingine.

"Kinyozi we!" aliita Mama Mashuka. "Mwanangu, itika!"

Wakasikia kitu, mbali, nyuma yao, kama mtu anayekariri somo kwa sauti. Mwombezi alikwenda, maana hakuna mwingine aliyeweza kusimama. Alikwenda akihesabu kwa kurudi nyuma mpaka la sitini. Kinyozi alikuwa amelala kifudifudi kwenye kibaraza, amekumbatia nguzo ya chuma, kiatu kimoja hana, mkoba hana. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Thelathini na saba," alikuwa anasema. "Thelathini na saba. Thelathini na saba."

"Yamekwisha, ndugu yangu."

"Thelathini na saba."

Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja. Alipokwisha mfungua, Kinyozi hakutaka kwenda ng'ambo. Alirudi upande wa nyumbani kwa magoti, taruma hadi taruma, na hakusema neno. Hilo la kutosema ndilo lililomtisha Mwombezi kuliko ile treni.

Aliporudi kwenye kibaraza cha pili, aliwakuta Fundi Bomba ameketi anakitazama kiganja chake, na Mama Mashuka ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Kimenidanganya," alisema mzee. "Nimewaambia ni ile iliyopita. Ningewaua wote. Mimi."

"Usijilaumu, baba," alisema Mama Mashuka. "Mungu yupo. Maombi ya mkwe wangu ndiyo yaliyotuokoa."

Hapo mlango ulikuwa wazi, wapenzi. Angeweza kupita, aendelee kuwa Mwombezi, mzee abebe lawama, mama aendelee kujivuna kwa wafuaji wenzake. Mwombezi aliutazama mlango huo. Kisha akatazama kile kiganja cha mzee.

"Sikuwa naomba, mama."

"Nini?"

"Siku zote huwa siombi. Huwa nahesabu mataruma. Naogopa daraja. Nikiacha kuhesabu, siwezi kuinua mguu."

Mama aliachia chuma, akamgeukia.

"Na mabehewa nayahesabu," aliendelea, kwa kuwa kidonda kikishafunguliwa heri usaha utoke wote. "Huwa thelathini na nne. Leo yalipita kumi na moja. Niliyahesabu kule chini ya tuta."

Fundi Bomba aliinua kichwa. Kisha yeye naye akahesabu, na uso wake ukabadilika.

"Ulijua," alisema Mama Mashuka taratibu, "kabla hatujapanda."

"Sikujua, mama. Nilihesabu tu."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Aibu!" Alicheka, lakini kicheko hicho usingependa kukisikia tena. "We mtoto, mimi naogopa daraja hili miaka sita. Unafikiri nakitazama kisogo cha Kinyozi kwa kuwa ni kizuri? Kile kisogo kama kiazi? Mzee huyu anaogopa, ndiyo maana anaipapasa reli. Kinyozi anaogopa mpaka anabwabwaja. Wewe peke yako ndiye uliyejiona mwoga, basi ukaona bora tufe kuliko tukucheke?"

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Yeye alikikimbia kicheko, nusura awapelekee watu kilio milango minne.

"Sijui nikubariki au nikuzabe," alisema mama. Alifuta uso kwa kiganja. "Nitaamua jioni. Bado mangapi?"

"Sitini na mbili, mama."

"Yahesabu kwa sauti."

*

Geti lilikuwa limefungwa. Nyapara alimwacha asimame nje mpaka unga wa magari ya kwanza ukaanza kupakiwa, ndipo akaja, akamtazama suruali iliyochanika na mafuta usoni.

"Mara ya tatu," alisema. "Umegombana na nani?"

"Na treni, mkubwa."

"Usinitanie."

Mwombezi hakutania. Labda nyapara aliliona hilo, maana alifungua geti kidogo. "Leo nimekuachia. Kesho saa moja ikikukuta nje, usijisumbue kugonga. Rudi tu ulikotoka."

Alishona siku nzima. Gunia moja alilishona pamoja na mkono wa shati lake, akajikuta amefungwa na kilo tisini za unga. Wenzake wakacheka mpaka wakapaliwa. Alicheka nao. Jioni, kwa kuwa jioni haina geti, alirudi kwa kuzunguka daraja la magari.

Mkewe alikwisha pata habari kutoka kwa mama yake. Asubuhi iliyofuata alimpa chai, akamfunga kifungo, na maneno yake ya siku zote hayakutoka. Mwombezi alikuwa amefika nusu ya njia alipogundua kwamba kifungo kimefungwa kwenye tundu lisilo lake.

Chini ya tuta walikuwa wanne tena. Kinyozi alikuja, amevaa ndala, mkasi wa kuazima umefungwa kwenye gazeti. Hakusalimia, wala hakutania. Fundi Bomba hakupanda juu kupima. Mikono aliitia mifukoni. Na Mama Mashuka, baada ya shikamoo na marahaba, alikuja akasimama kando kabisa ya mkwewe, bega kwa bega, akashika upindo wa shati lake kama mtoto sokoni.

"Jana ulisema utaamua jioni, mama," alisema Mwombezi kwa sauti ndogo.

"Bado naamua. Hesabu."

Ukungu ulikuwa palepale. Treni ikaja, ikanguruma juu yao, na wote wanne wakahesabu kwa sauti, mngurumo ukizimeza sauti zao, kila mtu kidole hewani, kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Ilikuwa ndefu. Ilikuwa ndefu kama siku zote. Ilipopita, walitazamana.

"Thelathini na nne," alisema Fundi Bomba, akashusha pumzi.

"Thelathini na nne," alisema Kinyozi. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Na mimi," alisema Mama Mashuka. "Asante Mungu. Twendeni, tutachelewa."

Mwombezi hakusogea.

Ng'ambo, kwenye weupe ule, king'ora cha kwanza cha kiwanda kilianza kulia. Kilimaanisha robo tatu ya saa imebaki geti lifungwe. Ukiondoka sasa, ukitembea kwa nguvu, unafika. Watu watatu wamehesabu, wote sawa. Nani angemwamini mmoja? Na huenda alikosea. Huenda aliruka moja, kwa woga, kwa kutolala. Aliona geti, aliona nyapara, alimwona mkewe na kile kifungo.

"Mimi nimepata thelathini na tatu," alisema.

Kinyozi alimgeukia, mdomo ukafunguka, na Mwombezi akajiandaa kukipokea kicheko.

"Una hakika?" aliuliza Kinyozi.

"Sina."

"Sasa?"

"Sivuki. Anayetaka avuke, lakini mimi sivuki, na nawaomba msivuke."

King'ora kilikuwa bado kinalia. Fundi Bomba alitazama juu ya tuta, akatazama viganja vyake. Kisha Mama Mashuka aliliachia shati la mkwewe, akaketi juu ya jiwe lililolowa, kifurushi mapajani.

"Haya," alisema. "Kawia ufike. Keti, Kinyozi."

Kinyozi aliketi. Fundi Bomba aliketi. King'ora kikakoma, na baada yake hapakuwa na sauti nyingine ila mto.

Mwombezi peke yake ndiye aliyebaki wima. Alipanda tuta hatua tatu, akainama, akaweka kiganja kwenye reli kama alivyomwona mzee akifanya. Chuma kilikuwa baridi na kimya. Alikishika hivyo muda mrefu, moyo ukimpiga mpaka kwenye vidole, na hakuweza kujua kama kinachogonga pale ni yeye au ni behewa moja, mbali, likitelemka peke yake kutoka juu ya ule mlima wa ng'ambo.